Mfungwa kusimamia rufani yake mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wake, kaka, wazazi na wafungwa wenyewe, mara nyingi siku chache tu baada ya hukumu, wakati kichwa bado kizito. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake na sheria yake ya mwenendo wa makosa ya jinai, ingawa ngazi ya mwisho ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania kwa pande zote mbili.

Mtu akishafungwa, bado anaruhusiwa kujisimamia mahakamani bila wakili?

Ndiyo. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Haisemi kwamba haki hiyo ni ya mwenye wakili tu. Soma hukumu za rufani za jinai za Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani na utakutana tena na tena na maelezo kwamba mrufani alifika mwenyewe, hakuwa na wakili. Hao ni wafungwa, wengi wao hawakufika mbali na shule, na wapo walioshinda.

Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba bila hela ya wakili kesi imekwisha. Kinachomaliza kesi za wafungwa wengi ni vitu viwili: tarehe iliyopita bila karatasi kupelekwa, na sababu za rufani zilizoandikwa kwa uchungu bila kusoma mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yote yaliyosemwa na kufanyika mahakamani. Sehemu kubwa ya majibu haya inahusu mambo hayo mawili.

Ni hivyo kila nchi?

Hapana. Marekani, kwa mfano, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1975, katika kesi ya Faretta, kwamba mshtakiwa ana haki ya kikatiba kujitetea mwenyewe wakati kesi inasikilizwa. Mwaka 2000, katika kesi ya Martinez, mahakama hiyohiyo ikasema haki hiyo ya kikatiba haiendelei hadi kwenye rufani. Kwetu hapa mfungwa hahitaji kumwomba mtu ruhusa ya kusimama mwenyewe. Shida yetu iko upande wa pili: wengi wanasimama peke yao kwa sababu hawana namna nyingine.

Kaka yangu amehukumiwa leo Mahakama ya Wilaya. Ana siku ngapi?

Siku 10 za kutoa notisi, yaani taarifa ya kusudio la kukata rufani. Kisha siku 45 za kuwasilisha hati ya rufani yenyewe Mahakama Kuu. Zote zinahesabiwa kuanzia siku ya hukumu au adhabu, ila kwenye zile 45 unaondoa muda uliotumika kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Kwenye zile 10 huondoi kitu. Ni hivyohivyo kama kesi ilikuwa Mahakama ya Hakimu Mkazi.

Notisi ni karatasi moja. Haihitaji sababu, haihitaji nakala ya hukumu, haihitaji kujua sheria. Inasema tu: mimi fulani, katika kesi namba fulani, niliyetiwa hatiani kwa kosa fulani na kupewa adhabu fulani tarehe fulani, sikuridhika na nakusudia kukata rufani. Isainiwe au iwekwe dole gumba. Ndugu yangu unayesoma hapa, kama hukumu imetoka wiki hii, acha kusoma kwanza. Nenda gerezani kesho umuulize kama ameshaitoa.

Kama kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo, njia ni tofauti: rufani inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine.

Yuko ndani, atazipelekaje karatasi mahakamani?

Anampa Mkuu wa Gereza. Sheria imeliona jambo hili: mrufani aliye gerezani anaweza kukabidhi hati yake kwa ofisa msimamizi wa gereza, na huyo ndiye anayetakiwa kuipeleka kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Kwa rufani inayokwenda Mahakama ya Rufani, kanuni za mwaka 2009 zinasema wazi kwamba mfungwa anahesabiwa kuwa ametimiza wajibu wake pale anapokabidhi fomu yake kwa msimamizi wa gereza, na msimamizi anatakiwa kuandika juu yake tarehe na saa aliyoipokea.

Hiyo tarehe ya kupokea ni ya thamani kuliko mnavyofikiri. Mfungwa aombe, kwa adabu tu, "Afande, naomba iandikwe tarehe na mhuri." Pakitokea ucheleweshaji njiani, mhuri ule ndio utakaoonyesha kwamba yeye hakulala. Na ndugu wa nje aende masjala ya mahakama, yaani ofisi inayopokea na kutunza karatasi za kesi, baada ya wiki moja au mbili kuuliza kama karatasi imefika. Karatasi hupotea kati ya gereza na mahakama, na anayeumia ni mfungwa.

Nakala ya hukumu na mwenendo haijatoka. Tunailipia?

Mshtakiwa akiomba nakala ya hukumu, sheria inataka apewe bila kucheleweshwa na bila malipo. Ombeni kwa barua, mapema, na mbaki na kopi iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ndiyo ushahidi wa lini mliomba, na cheti au barua ya mahakama inayoonyesha lini mlipewa ndiyo inayosaidia kuhesabu zile siku 45.

Mkipewa, hesabuni kurasa palepale. Angalieni kama ushahidi wa mashahidi wote umo, kama vielelezo (vitu na nyaraka zilizopokelewa kama ushahidi) vimo, kama utetezi wake umo. Mwenendo unaokosa kurasa huwa unagundulika siku ya kusikilizwa, na hapo rufani inaahirishwa huku mtu anaendelea kutumikia kifungo.

Muda umeshapita. Ndiyo basi?

Bado. Mahakama inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu ya msingi. Mfungwa anapeleka maombi pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kwa nini alichelewa, na hapa maneno ya jumla hayasaidii. "Nilichelewa kwa sababu niko gerezani" halitoshi peke yake. Andika: nilihukumiwa tarehe hii, nilitoa notisi tarehe hii, nikahamishiwa gereza jingine tarehe hii, nakala nikaipata tarehe hii, nikamkabidhi ofisa tarehe hii. Mahakama inataka kila siku ya ucheleweshaji ielezwe.

Mahakama ya Rufani imeshatambua kwamba mfungwa hana uhuru wa kuendesha mambo yake kama mtu wa nje, na kwamba anategemea maofisa wa gereza. Hilo linampa nafasi ya kusikilizwa kwa huruma kidogo. Kama ucheleweshaji ulikuwa wa ofisi ya gereza, apate hati ya kiapo ya ofisa huyo. Ni vigumu kuipata, lakini ina uzito mkubwa kuliko maneno yake peke yake.

Sababu za rufani ziandikweje?

Hapa naomba utulie, maana ndipo watu wengi wanapojiangusha.

Rufani haisikilizi kesi upya kwa mashahidi wapya. Jaji anasoma kilichoandikwa na hakimu. Kile ambacho hakimo kwenye mwenendo, kwa kawaida kwake hakipo. Kwa hiyo kazi ya mrufani ni kumwonyesha Jaji mahali, kwa ukurasa na kwa shahidi, ambapo hakimu aliteleza.

Mfano. Mtu amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambayo ndiyo adhabu ya chini ya kosa hilo. Anaandika:

"Mimi sikutenda kosa hili, mlalamikaji ananionea kwa sababu ya ugomvi wa shamba, naomba huruma ya mahakama."

Inawezekana kila neno ni kweli. Lakini Jaji hana la kufanya nalo. Sasa mtu huyohuyo, akisoma mwenendo wake, anaandika:

"Kwamba Hakimu alikosea kisheria kunitia hatiani kwa utambuzi wa saa nane usiku, ilhali shahidi wa kwanza na wa pili hawakueleza taa ilikuwa na mwanga kiasi gani, nilikuwa umbali gani nao, wala walinitazama kwa muda gani."

Sababu hiyo ina miguu. Tangu kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, mahakama zetu zinasema ushahidi wa kutambua mtu kwa macho, hasa usiku, ni dhaifu, na hauwezi kutegemewa hadi uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa: muda wa kumtazama, umbali, mwanga, na kama shahidi alimjua mtu huyo kabla. Kwa maneno machache ya kawaida, mfungwa amegusa palepale Jaji anapotaka kuangalia.

Mambo mengine ya kutafuta kwenye mwenendo, kwa uzoefu wa hukumu nyingi zilizotenguliwa:

Hati ya mashtaka inasemaje, na mashahidi wanasemaje? Kama hati inasema tukio lilitokea tarehe moja na mashahidi wanataja nyingine, au kitu kilichoibwa kwenye hati si kile kilichotajwa mahakamani, na hati haikurekebishwa, hiyo ni hoja nzito.

Maelezo ya onyo, yaani maelezo yake yaliyoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika kama ushahidi. Muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa nne tangu akamatwe, labda kama uliongezwa kisheria. Linganisha saa ya kukamatwa aliyoitaja askari na saa iliyo juu ya maelezo. Kama alipinga maelezo hayo kwamba aliteswa, je, mahakama ilifanya uchunguzi kabla ya kuyapokea?

Je, kielelezo kilisomwa kwa sauti baada ya kupokelewa? Kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake ya mwaka 2003 iliweka msimamo kwamba nyaraka isomwe mahakamani baada ya kupokelewa, ili mshtakiwa ajue imebeba nini. Isiposomwa, huweza kuondolewa kwenye ushahidi. Kwenye kesi zenye PF3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari hujaza baada ya kumpima aliyeumizwa, angalia pia kama mshtakiwa aliambiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe.

Kitu kilichokamatwa kilipita mikononi mwa nani? Nani alikikamata, nani alikitunza, nani alikipeleka kwa mkemia, nani alikileta mahakamani? Mnyororo ukikatika katikati, sema umekatikia wapi.

Na mwisho, utetezi wake. Je, hakimu aliupima kweli kwenye hukumu, au aliutaja kwa mstari mmoja akapita?

Sababu tano zenye mashiko ni bora kuliko ishirini. Baadhi ya hati zinazotoka magerezani zina sababu kumi na tano zilizonakiliwa kutoka kwa mfungwa mwenzake mwenye kesi tofauti kabisa. Najua kwa nini inatokea: ndani kuna mzee mmoja anayejua kuandika rufani, na kila mtu anamkimbilia. Mzee huyo anafanya kazi ya heshima. Lakini mpe asome mwenendo wako, usimruhusu akuandikie bila kuusoma.

Alikiri kosa mbele ya hakimu. Anaweza kukata rufani?

Aliyekiri, kwa kanuni, anaruhusiwa kupinga adhabu tu: ukubwa wake au uhalali wake. Lakini kuna milango iliyoelezwa katika kesi ya Laurence Mpinga ya mwaka 1983. Anaweza kupinga kutiwa hatiani kama kukiri kwenyewe hakukuwa kamili au kulikuwa na utata, kama alikiri kwa makosa au bila kuelewa, kama shtaka halikuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria, au kama maelezo aliyoyakubali hayatoshi kisheria kumtia hatiani.

Kwa hiyo soma kile kilichoandikwa aliposomewa shtaka. "Ni kweli" peke yake, kwa kosa lenye mambo mengi ya kuthibitishwa, huzua swali. Na angalia kama alisomewa maelezo ya kesi akayakubali.

Hukumu iko kwa Kiingereza na yeye hajui Kiingereza.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu nyingi bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Sababu za rufani anaweza kuziandika kwa Kiswahili, na atazungumza Kiswahili siku ya kusikilizwa. Hukumu yenyewe tafuta mtu aisome naye mstari kwa mstari. Kijana wa familia anayesoma chuo anaweza kufanya kazi hiyo vizuri kuliko anavyodhani, na hukumu za kesi nyingine zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Siku ya kusikilizwa inakuwaje?

Ataletwa kutoka gerezani, au atasikilizwa kwa video akiwa hukohuko. Mahakama Kuu kwa kawaida anakaa Jaji mmoja, Mahakama ya Rufani wanakaa majaji watatu. Upande wa pili anasimama Wakili wa Serikali kwa niaba ya Jamhuri.

Ataulizwa kama ana la kuongeza juu ya sababu zake. Asiyejua sheria ana njia iliyozoeleka, na inakubalika: "Mheshimiwa Jaji, naomba sababu zangu zipokelewe kama zilivyo. Naomba Wakili wa Serikali aanze kujibu, kisha nitapata nafasi ya kusema." Hapo anasikiliza na kukumbuka. Ikifika zamu yake, ajibu yale yaliyosemwa, kwa ufupi. Asianze kusimulia maisha yake gerezani. Naelewa hamu ya kufanya hivyo, mtu amekaa miaka akisubiri kusikilizwa, lakini zile dakika ni chache.

Kama akili itaruka, awe na karatasi yake mkononi yenye namba za kurasa.

Wakili wa Serikali akikubaliana na rufani, anatoka?

Mara nyingi ni dalili njema, na hutokea zaidi ya watu wanavyodhani. Lakini Jaji hafungwi na hilo. Atapima mwenyewe.

Je, adhabu inaweza kuongezeka?

Ndiyo, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kupunguza au kuongeza adhabu. Hatari ni kubwa zaidi pale hakimu alipotoa adhabu iliyo chini ya kiwango cha chini kilichowekwa na sheria. Mfungwa wa namna hiyo ashauriane na mtu anayejua kabla hajakata rufani, hasa kama analalamikia adhabu peke yake.

Mahakama Kuu imemkatalia. Akienda Mahakama ya Rufani anarudia sababu zilezile?

Notisi safari hii ni ndani ya siku 30, na itaje kosa alilotiwa hatiani. Notisi zisizotaja hilo zimewahi kuangusha rufani nyingi. Hati ya sababu inawasilishwa ndani ya siku 21 baada ya kupewa kumbukumbu za rufani.

Tofauti kubwa ni hii. Mahakama Kuu, kama rufani ya kwanza, ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya. Rufani ya pili ni ya hoja za kisheria, na malalamiko kwamba adhabu ni kali mno hayamo, ila uhalali wa adhabu umo. Jambo la ushahidi ambalo hakulisema Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani kwa kawaida haitalisikiliza, isipokuwa kama ni hoja ya kisheria. Ndiyo maana sababu za rufani ya kwanza ziandikwe kama vile hakuna nafasi nyingine. Na kama kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo, kwanza anahitaji cheti cha Mahakama Kuu kwamba kuna hoja ya kisheria.

Na baada ya hapo?

Kuna mapitio, yaani Mahakama ya Rufani kuiangalia hukumu yake yenyewe. Maombi yanaletwa ndani ya siku 60, mara moja tu, na kwa sababu chache: kosa lililo wazi kwenye kumbukumbu lililosababisha haki isitendeke, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu au ushahidi wa uongo. Wafungwa wengi huyatumia kama rufani ya tatu na hukataliwa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na wafungwa wa Tanzania waliwahi kuifikia moja kwa moja. Katika hukumu ya Novemba 2015, kuhusu mtu aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, iliona kwamba kutopewa msaada wa wakili kulikiuka haki yake. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi kufungua kesi hapo, na mlango huo ukafungwa mwaka mmoja baadaye. Mimi naamini hilo liliwaumiza zaidi wale waliokuwa hawana kwingine.

Inabaki pia Ibara ya 45 ya Katiba, mamlaka ya Rais ya kusamehe au kupunguza adhabu.

Anaweza kupata wakili bila malipo?

Kwa kesi za mauaji kwenye Mahakama Kuu na rufani zake, kwa kawaida wakili hupangwa kwa gharama za Serikali. Kwa makosa mengine, hata yenye kifungo cha miaka 30 au maisha, ni nadra, na hapo ndipo pengo linapouma. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu Jaji au Hakimu kuelekeza mtu asiye na uwezo apewe msaada, kwa hiyo aombe. Hakuna ubaya kuomba. Nje, jaribuni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Chama cha Mawakili Tanganyika. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanaweza kuelekeza na kusaidia kuandaa nyaraka, ila hawawezi kusimama mahakamani kwa niaba yake.

Dhamana wakati rufani inasubiri?

Inaombwa, hutolewa kwa nadra. Mahakama inataka kuona mazingira ya pekee, hasa kwamba rufani ina nafasi kubwa sana ya kushinda.

Akishinda, anatoka siku hiyohiyo?

Kuna mambo mawili. Mahakama ikifuta hatia na adhabu, huamuru aachiwe mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Amri ya kumwachia inatakiwa kufika gerezani, kwa hiyo ndugu mmoja abaki masjala kuifuatilia hadi itoke, na mwingine aende gerezani.

Jambo la pili ni kesi kuamriwa isikilizwe upya. Hapo hatoki, anarudi kuwa mahabusu. Tangu kesi ya Fatehali Manji ya mwaka 1966, msimamo ni kwamba hilo lisifanyike ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kwa hiyo kama Wakili wa Serikali ataomba kesi irudiwe, mfungwa asikae kimya. Asimame aseme: ushahidi wenyewe haukutosha tangu mwanzo, na nimeshakaa gerezani miaka kadhaa, naomba niachiwe. Majaji huupima muda huo aliokwisha kuutumikia.